Kuingia kwenye klasta ya Kubernetes kwa jina lako: kuunganisha Keycloak hatua kwa hatua

Klasta ya Kubernetes (kundi la seva zinazoendesha programu kwa pamoja) isiyo na utaratibu wa kuingia utaijua kwa jambo moja: faili la `admin.conf`, lenye ufunguo wa msimamizi mkuu, linazunguka kwenye kundi la WhatsApp la idara. Akiajiriwa mtu mpya anatumiwa, anayeacha kazi anaondoka nalo kwenye laptopu, na siku kitu kikifutwa logi inasema aliyefuta ni `kubernetes-admin`. Wote ni `kubernetes-admin`. Hapa tunaonyesha namna ya kuliondoa faili hilo mikononi mwa watu, ili kila mmoja aingie kwa akaunti yake ya kazi kupitia Keycloak, programu ya kusimamia akaunti na kuingia, kwa itifaki ya OpenID Connect, kwa kifupi OIDC. Maelezo ni ya klasta iliyojengwa kwa kubeadm (zana ya kuanzisha klasta) kwenye seva zenu wenyewe, Kubernetes toleo la 1.30 kwenda juu. K3s (Kubernetes nyepesi) na klasta za kukodi zimetajwa kwa ufupi mbele.

## Klasta haimjui mtu, inasoma barua

Kubernetes haina orodha ya watumiaji. Seva ya API, yaani mlango unaopokea maombi yote ya klasta, ikiletewa tokeni (hati ya kidijitali ya utambulisho) hufanya kama karani wa benki aliyeletewa barua ya mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji nchini Uganda). Hampigii mwenyekiti simu. Anaangalia muhuri, jina la mwenye barua, tarehe, na kama barua imeandikiwa benki hiyo au imeandikiwa shule. Vikikaa sawa, mteja anahudumiwa.

Tokeni ya OIDC ina vitu hivyo hivyo: `iss` ni aliyeitoa, `sub` au `preferred_username` ni mwenyewe, `aud` ni anayepelekewa, `exp` ni saa ya kuisha, na `groups` ni makundi yake. Muhuri ni saini ya kidijitali, ambayo seva ya API huihakiki kwa ufunguo wa umma iliouchukua kwa mtoaji mapema.

Kwa hiyo Keycloak ikizimika, mwenye tokeni hai anaendelea na kazi mpaka muda wake uishe. Na ukimfungia mtu akaunti saa 4:00 asubuhi, tokeni aliyoichukua saa 3:58 bado inapita. Ukilishika hili, sehemu kubwa ya usanidi unaofuata utaielewa bila kukariri.

## Keycloak ikae wapi

Isikae ndani ya klasta ile ile inayoilinda. Klasta ikianguka, mlango wa kuingia kuitengeneza umeanguka nao. Kuna sababu nyingine ndogo inayowasumbua wengi: seva ya API ya kubeadm hutumia mtandao wa nodi (mashine) yenyewe, si wa podi (vifurushi vya kontena ndani ya klasta), kwa hiyo haitambui majina kama `keycloak.auth.svc.cluster.local`. Mtoaji lazima awe na jina ambalo nodi ya udhibiti (mashine yenye seva ya API) inaweza kulitatua kwa DNS ya kawaida, tena kwa `https`. Anwani ya `http` inakataliwa moja kwa moja.

Kwa walio Uganda swali la mahali lina uzito wake. Intaneti ilipozimwa nchi nzima kuanzia jioni ya tarehe 13 Januari 2021 hadi tarehe 18, na nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, klasta iliyo Kampala yenye mtoaji wa utambulisho Ulaya ingeweza kubaki na dakika chache tu za kuingilika, yaani umri wa tokeni ya mwisho. Mashine ndogo ya Keycloak kwenye kituo cha data hapa hapa, inayofikika kupitia mtandao wa ndani au UIXP (kituo cha Uganda cha kubadilishana intaneti), inaondoa tatizo hilo. Hata kama akaunti za watu ziko Google au Microsoft, weka Keycloak katikati kama dalali, kisha tengeneza ndani yake akaunti mbili za zamu zenye nywila na OTP (msimbo wa kutumika mara moja) zisizotegemea nje. Siku kiungo kikikatika, aliye zamu anaingia.

Sababu ya pili ya kuweka dalali ni kwamba watoaji wengi hawatoi barua ambayo klasta inaitaka. Tokeni ya Google haibebi makundi. GitHub haitoi tokeni ya OIDC kwa mtu anayeingia. Microsoft Entra inatoa makundi, ila kama namba ndefu za utambulisho badala ya majina, na mtu akizidi makundi 200 orodha yote inaachwa nje na badala yake kunawekwa kiungo. Vyuo vilivyo kwenye shirikisho la utambulisho la RENU (mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda) vinatumia SAML, itifaki nyingine ya kuingia, na seva ya API haijui SAML hata neno moja. Keycloak inapokea yote hayo upande mmoja na kutoa OIDC safi upande wa pili. Dex, programu nyingine ya udalali huo, nayo inaweza, tena ni nyepesi zaidi, ila haina ukurasa wa kusimamia watumiaji. Kwa ofisi isiyo na saraka nyingine yoyote Keycloak inafaa zaidi.

Ukiunganisha Google, jaza sehemu ya `Hosted domain` kwa kikoa cha ofisi. Ukiiacha wazi, mwenye Gmail yoyote anaweza kujitengenezea akaunti kwenye Keycloak yako. Hatakuwa na kundi, lakini ameshavuka geti.

## Upande wa Keycloak

Usitumie `realm` (eneo lenye watumiaji na mipangilio yake) ya `master`, hiyo ni ya kuisimamia Keycloak yenyewe. Tengeneza `realm` mpya, hapa tunaiita `kazi`. Anwani ya mtoaji itakuwa:

```
https://id.kampuni.example/realms/kazi
```

Miongozo ya zamani ina `/auth` katikati ya anwani hii. Tangu toleo la 17 kipande hicho hakipo.

Nenda `Clients`, kisha `Create client`. Aina ni OpenID Connect, `Client ID` iwe `kubernetes`. Zima `Client authentication`: programu itakaa kwenye laptopu za watu, na siri iliyonakiliwa kwenye laptopu 20 si siri tena. Acha `Standard flow`, ondoa alama ya `Direct access grants`. Kwenye `Valid redirect URIs` weka mbili:

```
http://localhost:8000
http://localhost:18000
```

Ya pili ni ya akiba, hutumika mlango (port) 8000 ukiwa umeshikwa na programu nyingine, jambo la kila siku kwa watengeneza programu. Usiweke nyota (`*`) pale. Anwani iliyo wazi ni njia ya kumwibia mtu tokeni. Kwenye mipangilio ya mteja huyo (matoleo mengi huiweka kwenye kichupo cha `Advanced`) chagua `S256` kwa PKCE, kinga ya msimbo wa kuingia usitumiwe na aliyeuiba.

Sasa makundi. Fungua `Client scopes` ya mteja huyo, ingia `kubernetes-dedicated`, ongeza kipachiko (mapper) cha aina `Group Membership`, `Token Claim Name` iwe `groups`, hakikisha `Add to ID token` imewashwa, na zima `Full group path`. Ukisahau hiyo ya mwisho, kundi `k8s-wahandisi` litafika kwenye klasta likiwa `/k8s-wahandisi`, na mkwaju huo mmoja utakula mchana wako mzima kwa sababu hakuna kosa litakaloandikwa popote. Mtu ataingia vizuri, ila hana ruhusa.

Tengeneza makundi matatu: `k8s-wasimamizi`, `k8s-wahandisi`, `k8s-watazamaji`. Waingize watu.

Kama Keycloak iko nyuma ya nginx au HAProxy, weka `--hostname=https://id.kampuni.example` na `--proxy-headers=xforwarded`. Bila hivyo inaweza kujitangaza kwa jina la ndani au kwa `http`, na barua itakuwa na jina la mwenyekiti mwingine. Hakiki ukiwa kwenye nodi ya udhibiti, si kwenye laptopu yako:

```
curl -s https://id.kampuni.example/realms/kazi/.well-known/openid-configuration | jq -r .issuer
```

Jibu lifanane na anwani utakayoiandika kwenye klasta herufi kwa herufi. Mkwaju mmoja wa ziada mwishoni unatosha kuvunja kila kitu. Kama `curl` inalalamikia cheti, seva ya API nayo italalamika. Rekebisha hilo kabla ya kuendelea.

### Muda wa tokeni

Keycloak ikiwa mpya, `Access Token Lifespan` ni dakika 5, na tokeni ya utambulisho hufuata muda huo huo. `SSO Session Idle` (kikao kukaa bila kutumika) ni dakika 30, `SSO Session Max` (kikomo cha kikao) ni saa 10.

Watu wataanza kulalamika kwamba kivinjari kinafunguka kila wanaporudi kutoka chakula cha mchana. Kishawishi kikubwa ni kupandisha `Access Token Lifespan` hadi saa 12 ili wanyamaze. Usifanye hivyo. Hiyo ndiyo barua isiyofutika. Pandisha `SSO Session Idle` hadi saa 2 hivi: tokeni itaendelea kuwa ya dakika 5, programu ya mtumiaji itaihuisha kimya kimya, na ukimfungia mtu akaunti, kuhuisha kunakataliwa na yuko nje ndani ya dakika 5. Swichi hizi mbili ziko kwenye kurasa zinazopakana na watu huzichanganya mara kwa mara.

## Upande wa seva ya API

Kuna njia mbili. Ya zamani ni vigezo vya `--oidc-issuer-url`, `--oidc-client-id` na ndugu zake. Bado inafanya kazi, inakubali mtoaji mmoja tu, na kila badiliko linataka seva iwashwe upya. Ya pili ni faili la `AuthenticationConfiguration`, lililoingia hatua ya beta kwenye toleo la 1.30 na kukomaa rasmi kwenye 1.34. Linakubali watoaji hadi 64 na husomwa upya lenyewe likibadilika. Huwezi kuchanganya njia hizo. Seva itakataa kuwaka. Chukua faili, isipokuwa klasta yako ni ya zamani.

Liweke kwenye `/etc/kubernetes/auth/authn.yaml`, kwenye kila nodi ya udhibiti:

```yaml
apiVersion: apiserver.config.k8s.io/v1beta1
kind: AuthenticationConfiguration
jwt:
- issuer:
    url: https://id.kampuni.example/realms/kazi
    audiences:
    - kubernetes
  claimMappings:
    username:
      claim: preferred_username
      prefix: "oidc:"
    groups:
      claim: groups
      prefix: "oidc:"
  claimValidationRules:
  - expression: "claims.exp - claims.iat <= 3600"
    message: "tokeni isizidi saa moja"
```

Kwenye 1.34 badilisha `v1beta1` iwe `v1`. Kama cheti cha Keycloak kimesainiwa na mamlaka yenu ya ndani, ongeza `certificateAuthority: |` chini ya `issuer` na ubandike cheti cha mamlaka hiyo, cha Let's Encrypt hakihitaji.

Kiambishi `oidc:` kina kazi yake. Kubernetes ina kundi linaloitwa `system:masters`, ambalo hupita bila hata kuulizwa ruhusa. Bila kiambishi, msimamizi yeyote wa Keycloak akitengeneza kundi lenye jina hilo ameipata klasta nzima. Kikiwepo, kundi lake litakuwa `oidc:system:masters`, ambalo halina maana yoyote. Sheria ya mwisho ya saa moja inakulinda na siku mtu atakapopandisha muda wa tokeni bila kukuambia.

Kuhusu jina: wengi hupenda `email`. Inasomeka vizuri kwenye logi, ila dai la `email_verified` likiwemo na si kweli, seva inamkataa mtu, na Keycloak humpa akaunti iliyotengenezwa na msimamizi hali ya kutothibitishwa usipobonyeza swichi yake. `preferred_username` ina hatari nyingine. Ikiwa `pokello` ameondoka na mwaka ujao akaja Okello mwingine mkampa jina hilo hilo, anarithi kila ruhusa iliyofungwa kwa jina. Ndiyo maana ruhusa zifungwe kwa makundi, na majina ya walioondoka yasirudiwe.

Sasa manifesti, faili linaloeleza seva ya API iwashwe vipi. Kabla ya kuigusa, nakili akiba yake nje ya folda:

```
cp /etc/kubernetes/manifests/kube-apiserver.yaml /root/
```

Ukiacha `kube-apiserver.yaml.bak` ndani ya `/etc/kubernetes/manifests`, kubelet (programu inayowasha podi kwenye nodi) itaisoma nayo, kwa sababu inasoma mafaili yote ya folda hiyo bila kujali mwisho wa jina. Utabadilisha faili moja na kushangaa kwa nini seva inawaka na mipangilio ya jana.

Ongeza kigezo, kisha uiingize folda ndani ya podi ya seva:

```yaml
    - --authentication-config=/etc/kubernetes/auth/authn.yaml
...
    volumeMounts:
    - name: authn
      mountPath: /etc/kubernetes/auth
      readOnly: true
...
  volumes:
  - name: authn
    hostPath:
      path: /etc/kubernetes/auth
      type: Directory
```

Ingiza folda, si faili peke yake. Vihariri vingi huhifadhi kwa kuandika faili jipya na kulibadilisha na la zamani. Ukiwa umeingiza faili moja, podi inabaki imeshika lile la zamani na kusomwa upya hakutokei.

Ukihifadhi, kubelet inaiwasha seva upya yenyewe. Subiri dakika moja au mbili. Isipowaka, `kubectl` (amri ya kuongea na klasta) haitakusaidia. Tumia `crictl ps -a | grep kube-apiserver`, kisha `crictl logs` na namba ya kontena. Mara nyingi ni nafasi za YAML zilizopinda au folda isiyoingizwa. Nodi zikiwa tatu, fanya moja, hakiki, ndipo uende ya pili.

Kubeadm ikipandisha toleo huiandika manifesti upya. Kwa hiyo weka kigezo hicho na folda hiyo pia kwenye ConfigMap (hifadhi ya mipangilio ndani ya klasta) ya `kubeadm-config` ndani ya `kube-system`, chini ya `apiServer`, kwenye `extraArgs` na `extraVolumes`. Ukisahau, siku ya kupandisha toleo ofisi nzima itafungiwa nje.

## Ruhusa

Mpaka hapa mtu anatambulika, lakini hana haki ya kugusa kitu. Kumtambua mgeni getini na kumpa ufunguo wa stoo ni mambo mawili. Hapa wahandisi wanapewa haki ya kuhariri kwenye eneo (namespace) la `malipo` tu:

```yaml
apiVersion: rbac.authorization.k8s.io/v1
kind: RoleBinding
metadata:
  name: wahandisi-malipo
  namespace: malipo
subjects:
- kind: Group
  name: "oidc:k8s-wahandisi"
  apiGroup: rbac.authorization.k8s.io
roleRef:
  kind: ClusterRole
  name: edit
  apiGroup: rbac.authorization.k8s.io
```

Usisahau kiambishi kwenye `name`. Wasimamizi wape `cluster-admin` kwa `ClusterRoleBinding`, watazamaji `view`. Jua kwamba `view` haionyeshi Secrets (hifadhi za siri), lakini `edit` inaonyesha, na tena mwenye `edit` anaweza kuendesha podi kwa jina la ServiceAccount (akaunti ya programu, si ya mtu) yoyote ya eneo hilo. Sehemu yenye funguo za benki au za pesa za simu, `edit` ni kubwa mno. Andika `Role` yako mwenyewe. `roleRef` haibadilishwi ikishaundwa: futa, unda tena.

## Laptopu ya mtumiaji

Aweke programu-jalizi ya kubelogin:

```
kubectl krew install oidc-login
```

Kisha umpe kubeconfig (faili linaloielekeza `kubectl` kwenye klasta) isiyo na siri hata moja ndani yake, ambayo hata ikizunguka WhatsApp haidhuru:

```yaml
users:
- name: oidc
  user:
    exec:
      apiVersion: client.authentication.k8s.io/v1
      interactiveMode: IfAvailable
      command: kubectl
      args:
      - oidc-login
      - get-token
      - --oidc-issuer-url=https://id.kampuni.example/realms/kazi
      - --oidc-client-id=kubernetes
```

Amri ya kwanza ya `kubectl` itafungua kivinjari, ataingia, dirisha litasema amemaliza. Tokeni hukaa kwenye `~/.kube/cache/oidc-login`, ukibadilisha makundi ya mtu kwenye Keycloak na hayaonekani, mwambie afute folda hiyo aingie upya.

Anayefanya kazi ndani ya seva kwa SSH hana kivinjari. Aongeze `--grant-type=device-code`, nawe uwashe `OAuth 2.0 Device Authorization Grant` kwa mteja `kubernetes`; atapewa msimbo wa kuuingiza kwa simu yake. Mitambo ya CI (inayojenga na kujaribu programu yenyewe) isipite njia hii kabisa. Roboti ina ServiceAccount yake.

Uthibitisho ni huu:

```
kubectl auth whoami
```

Unataka kuona jina lenye `oidc:` mbele, na makundi yenye `oidc:k8s-wahandisi` pamoja na `system:authenticated`. Kukiwa na mkwaju, `oidc:/k8s-wahandisi`, unajua pa kurudi.

## Ikigoma

Tenganisha kwanza makosa mawili. `Unauthorized` maana yake barua imekataliwa. `Forbidden` maana yake barua imekubaliwa ila RBAC (mfumo wa ruhusa wa Kubernetes) imesema hapana. Hapo achana na Keycloak, soma jina lililo ndani ya ujumbe wenyewe, kisha jaribu kama msimamizi:

```
kubectl auth can-i list pods -n malipo --as=oidc:pokello --as-group=oidc:k8s-wahandisi
```

Kwa `Unauthorized`, mtumiaji haambiwi sababu, na ndivyo inavyotakiwa. Sababu iko kwenye logi ya seva ya API:

```
kubectl -n kube-system logs kube-apiserver-NODI | grep -i "unable to authenticate"
```

Weka jina la nodi yako mahali pa `NODI`. Nodi za udhibiti zikiwa kadhaa, angalia zote. Ombi lingeweza kufikia yoyote.

Ukikuta `expected audience`, tokeni imeandikiwa mwingine. Mara nyingi mtu ametuma tokeni ya ufikiaji badala ya ile ya utambulisho, na `aud` yake ni `account`. `authenticator not initialized` ni kwamba seva haijawahi kumfikia mtoaji tangu iwake: DNS, ngome ya mtandao, au cheti. Haihitaji kuwashwa upya, inarudia kujaribu yenyewe. `x509: certificate signed by unknown authority` inajieleza. `email not verified` tumeitaja.

`token is expired` kwa mtu aliyeingia sekunde chache zilizopita ni saa. Seva iliyozimika umeme ukikatika, betri ya ubao ikiwa imechoka, inaweza kuamka na saa isiyo yake. Saa ya nodi ikitangulia dakika 6, tokeni ya dakika 5 imekufa kabla haijafika. Endesha `chronyc tracking` kwenye kila nodi ya udhibiti na kwenye mashine ya Keycloak. Weka chanzo cha muda cha ndani pia, maana intaneti na umeme hupenda kuondoka pamoja.

Na ikiwa unamtaka mtu nje sasa hivi, si baada ya dakika 5? RBAC haina sheria ya kukataza, ina ya kuruhusu tu. Ila faili la `authn.yaml` husomwa upya bila kuwasha seva, kwa hiyo ongeza kwa mtoaji huyo:

```yaml
  userValidationRules:
  - expression: "user.username != 'oidc:pokello'"
    message: "akaunti imefungwa"
```

Kwenye nodi zote za udhibiti, bila shaka. Kisha mfungie Keycloak.

## K3s na klasta za kukodi

K3s: weka kigezo kwenye `/etc/rancher/k3s/config.yaml` chini ya `kube-apiserver-arg`, kisha `systemctl restart k3s`. Hakuna folda ya kuingiza kwa sababu seva si podi. EKS (ya Amazon): tumia `aws eks associate-identity-provider-config`, inakubali mtoaji mmoja wa OIDC kwa klasta, na lazima afikike kutoka intaneti ya wazi, jambo linalofuta mpango wa kuificha Keycloak ndani. AKS (ya Microsoft) inapendelea Entra yake.

## Kulizika `admin.conf`

Watu wakishaingia kwa majina yao kwa wiki moja bila kelele, rudi kwenye faili la mwanzo. Vyeti vya mteja haviwezi kubatilishwa kwenye Kubernetes, na cha kubeadm huishi mwaka mmoja. Tangu toleo la 1.29, `admin.conf` iko kwenye kundi la `kubeadm:cluster-admins`, na nguvu ya `system:masters` imehamishiwa `super-admin.conf`. Hiyo inakupa njia:

```
kubectl delete clusterrolebinding kubeadm:cluster-admins
```

Ifanye ukiwa umeingia kwa OIDC kama msimamizi, baada ya kujaribu kwamba `super-admin.conf` inafanya kazi, na baada ya kuihamishia kwenye flashi mbili zilizosimbwa ndani ya sefu, ikiondolewa kwenye nodi. Nakala zote za WhatsApp zitaendelea kutambulika lakini hazitaweza kitu. Kupandisha toleo kwa kubeadm baada ya hapo kutataka `--kubeconfig` ya `super-admin.conf`, na ukimaliza hakiki kwamba `clusterrolebinding` hiyo uliyoifuta haijarudi.

Klasta iliyoanzia kabla ya 1.29 ina nakala za `admin.conf` za zamani zenye `system:masters` ndani, na hizo RBAC haizigusi. Angalia tarehe ya cheti kwa `openssl x509 -noout -enddate`. Ama usubiri siku hiyo ipite, ama ubadilishe mamlaka ya vyeti ya klasta nzima, kazi ya kupangiwa wikendi. Wakati huo washa logi ya ukaguzi kwa `--audit-policy-file` na `--audit-log-path`, kiwango cha `Metadata` kinatosha, uone kama bado kuna `kubernetes-admin` anayebisha hodi. Logi hiyo sasa ina majina ya watu halisi, kwa hiyo iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya 2019: iwekee `--audit-log-maxage`, na isisomwe na kila mtu mwenye SSH.